Mwanafunzi wa saikolojia anajifunza namna gani kusikiliza mutu ambaye roho inamuuma?

Asubuhi moja, katika kipindi cha wasikilizaji hapa ku redio, mama mumoja alipiga simu. Mada ya siku ile ilikuwa bei ya unga wa muhogo. Mama alianza na unga, halafu sauti ikabadilika. Alisema miezi mingi hapati usingizi, akifunga macho anaona tena mambo yaliyowapata kule kijijini, na siku zingine anajiuliza kama kuko faida ya kuamka. Mimi njo nilikuwa ku mikro. Nilimujibu: "Jipe moyo mama, Mungu yuko." Halafu nikaweka wimbo.

Nilifikiri nimefanya vizuri. Kisha kipindi, mwalimu mumoja wa saikolojia aliyekuwa anatusikiliza alinieleza kwa upole kwamba yule mama alitoa alama tatu za hatari katika muda usiofika dakika moja, na mimi nilimufungia mlango. Sikumuuliza hata ulizo moja. Sikumwambia aende wapi.

Tangu siku ile najiuliza: wale vijana wanaosomea kazi hii ku chuo kikuu wanafundishwa nini ambacho mimi sikujua? Na ni nini kinaonyesha kwamba mwanafunzi amekuwa tayari kukaa mbele ya mutu mwenye kuumia? Jibu si diploma peke yake. Tuende polepole.

Nani ni nani

Watu wengi hapa Bukavu wakisikia "afya ya akili" wanafikiri mara moja SOSAME, ile hospitali ya Mabruda wa Upendo (Frères de la Charité), na wanafikiri wendawazimu. Lakini kazi hii iko na watu wa aina mbalimbali, na ni vizuri kuwatenganisha.

Daktari wa magonjwa ya akili ni munganga kamili. Amesoma udaktari kwanza, halafu akaongeza masomo ya akili. Yeye anaweza kuandika dawa. Hao ni wachache sana katika nchi yetu, na wengi wako Kinshasa.

Mwanasaikolojia wa kliniki hatoi dawa. Yeye anatumia mazungumzo na mazoezi yenye mpango. Huyu njo anatoka ku ile fakilte ambayo wanafunzi wanaita "psiko". Vyuo vikuu vya serikali vya Kisangani, Kinshasa na Lubumbashi viko na fakilte hiyo tangu zamani.

Halafu kuko wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii, wale wanaitwa APS. Wengi hawakusomea saikolojia ku chuo kikuu, lakini wamefundishwa na ONG ao hospitali. Ku Panzi, hospitali ambayo Daktari Denis Mukwege alianzisha mwaka 1999, akina mama wa kazi hiyo wanaitwa "Maman Chérie". Na mwisho kuko bareko wa kartie, ambao wanatambua wagonjwa na kuwapeleka ku kituo cha afya.

Tukizungumzia wanafunzi, tuangalie pia neno "licence", kwa sababu linachanganya watu. Zamani mwanafunzi alifanya graduat miaka 3, halafu licence miaka 2, jumla 5. Sasa katika mpango wa LMD, licence ni miaka 3, na master inaongeza 2. Kwa hiyo mutu akikuambia "niko na licence ya psiko", uliza ni ya zamani ao ya LMD. Wa zamani alisoma miaka 5. Wa LMD alisoma 3, na masomo ya kina ya kutibu watu kwa kawaida yanamungojea ku master.

Neno "mshauri" linatudanganya

Kwa Kiswahili tunamuita mutu wa kazi hii "mshauri". Ni neno zuri, lakini linafanya watu wangojee shauri. Mama anakuja, anaeleza bwana yake anamupiga, anangojea kuambiwa: mwache, ao vumilia. Na mwanafunzi wa kwanza, akiwa bado mupya, anatamani kumupa lile shauri. Amelelewa hivyo. Kwetu mukubwa akikaa na mutu mwenye shida, anasema maneno ya hekima, anatoa methali, anaomba, basi.

Mambo hayo si mabaya. Yako na mafasi yake ku familia na ku kanisa. Lakini kazi ya mshauri wa afya ya akili ni nyingine. Kitu cha kwanza ambacho mwanafunzi anapaswa kuacha ni haraka ya kujibu. Anajifunza kuuliza maulizo ambayo hayajibiwi kwa "ndiyo" ao "hapana". Badala ya "Unasinzia vizuri?" anauliza "Usiku wako unapita namna gani?" Anajifunza kurudisha kile mutu alisema kwa maneno mafupi, ili mutu asikie kwamba amesikiwa. Anajifunza kunyamaza. Kunyamaza njo kunasumbua wengi, juu mwanafunzi akiona machozi anataka kuyafunga haraka: "Usilie, mama." Mwalimu anamuuliza: ulitaka mama aache kulia kwa faida yake, ao kwa sababu wewe ulikuwa unaumia kumuangalia?

Mimi ku mikro nilikuwa vilevile. Ule wimbo niliuweka kwa faida yangu mimi.

Darasani wanakaa watatu watatu

Kusikiliza hakufundishwi kwa kuandika ku kayee tu. Mazoezi ya kawaida ni mchezo wa kuigiza wa watu watatu. Mumoja anakuwa mgonjwa, mumoja mshauri, wa tatu anaangalia na karatasi mukononi. Kwenye karatasi anaandika: mshauri alikata maneno mara ngapi? Alitoa shauri mara ngapi? Aliuliza juu ya hatari? Alieleza siri? Baada ya dakika kumi ao kumi na tano wanabadilishana.

Tuseme mwanafunzi mumoja anaigiza mama aliyekimbia vita, ambaye sasa analala kwa ndugu na watoto watano. Mwenzake anamuuliza moja kwa moja: "Walikufanya nini?" Pale mwalimu anasimamisha mchezo. Mutu hasukumwi kueleza mambo ya kutisha siku ya kwanza, akiwa hajui wewe ni nani, na akiwa hana mafasi ya kupumzika akitoka hapo. Ukimufungua kidonda saa nne, halafu saa tano unafunga ofisi, usiku wote atakuwa peke yake na kile kidonda.

Mwanafunzi anajifunza pia kupima. Kuko fomu moja inayotumiwa katika nchi nyingi, inaitwa PHQ-9. Iko na maulizo tisa juu ya majuma mawili yaliyopita: usingizi, nguvu, kula, kukosa hamu ya mambo, kujiona hufai, na mengine. Kila jibu linapewa 0 mpaka 3, kwa hiyo jumla haipite 27. Kwa kawaida mutu akifika 10 ao zaidi, anachunguzwa vizuri zaidi. Fomu haitoshi kusema mutu ni mgonjwa. Inasaidia tu kutosahau ulizo muhimu.

Na ulizo la tisa njo linaogopesha wanafunzi: kama mutu amekuwa na mawazo kwamba heri afe ao ajiumize. Wengi wanaogopa kwamba ukiuliza hivyo utamupa mutu wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo. Kuuliza wazi na kwa heshima hakupandi wazo hilo. Mara nyingi mutu anapata nafuu kwa sababu mwishowe amepata wa kumwambia. Kisha hapo mwanafunzi anajua hatua: anauliza kama kuko mpango, kama kuko kitu cha kutumia pale nyumbani, nani anaweza kukaa naye leo, na anamuita msimamizi wake kabla mutu hajatoka.

Kazi ya kutafsiri nayo ni ngumu. Vitabu viko kwa Kifaransa. "Dépression" unaisemaje ku soko la Kadutu? Watu wetu wanasema "niko na mawazo mengi", "roho inauma", "moyo unapiga mbio", "kichwa kinachemka". Mwanafunzi anayengojea mutu aseme neno la kitabu atangoja sana. Tena asichukue kila "mawazo mengi" kuwa ugonjwa. Mutu aliyefukuzwa kwa nyumba juu ya deni iko na sababu ya kuwa na mawazo.

Siri si mchezo

Hapa kwetu parsele zimefungana, na ukuta ni mbao. Mshauri anaweza kukutana na mteja wake ku bomba la maji kesho yake. Njo maana siri inafundishwa kama somo lake, si kama neno la kuongeza mwishoni. Sheria ya adhabu ya Congo inamuadhibu mutu anayetoa siri aliyoipata kwa sababu ya kazi yake. Lakini zaidi ya sheria, mutu mumoja akisikia maneno yake yamefika ku avenyu, yeye na jirani zake wote hawatarudi tena ku kile kituo.

Mwanafunzi anafundishwa kutoandika jina ku maelezo anayopeleka darasani, kutozungumzia wateja ku basi ao ku kikundi cha WhatsApp, na kutosalimia mteja mbele ya watu kwa namna inayoonyesha wanajuana kwa sababu gani. Anafundishwa pia kwamba siri iko na mupaka: kama maisha ya mutu iko hatarini, ao mutoto anaumizwa. Mupaka huo unaelezwa mapema, mwanzo wa mazungumzo ya kwanza, si baada ya mutu kusema yote.

Staji bila msimamizi ni hatari

Hapa tunafika ku jambo lenye uzito. Mwanafunzi amesoma, ameigiza, amepasi mitihani. Sasa anaenda staji ku hospitali, ku kituo cha afya, ao ku kambi ya wakimbizi. Nani anamufuata?

Kusimamiwa hakumaanishi mukubwa kuja kuangalia kama umefika saa ya kazi. Maana yake ni kwamba kila juma mwanafunzi anakaa na mutu mwenye ujuzi, anaeleza alichofanya na kila mteja, mahali alikwama, mahali aliogopa. Msimamizi anamurekebisha, na mambo yakipita nguvu ya mwanafunzi, msimamizi anachukua kazi ile ao anaituma kwa munganga. Kwa mfano mutu anayesikia sauti ambazo wengine hawasikii, ao mwenye kifafa, anahitaji munganga na dawa. Mazungumzo peke yake hayatoshi.

Nchi zingine zinahesabu jambo hili kwa masaa. Marekani, kwa programu za master za washauri zinazotambuliwa na shirika la CACREP, mwanafunzi anafanya masaa 100 ya mazoezi ya kwanza, halafu 600 ya staji. Kati ya hayo, masaa 40 na baadaye 240 lazima yawe ya kukaa kabisa na wateja. Na kila juma anasimamiwa. Hatuna mali ya Marekani, lakini kuhesabu masaa hakulipishwi. Hata sisi tunaweza kuuliza mwanafunzi: ulikaa na watu masaa mangapi, na nani alikuwa nyuma yako?

Tena sisi wenyewe tuko na mfano mukubwa hapa Kivu. Mwaka 2013, jarida la udaktari linaloitwa New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa na watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins na shirika la IRC katika vijiji vya Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini. Wanawake 405 waliopitia ubakaji, wenye kuumia sana rohoni, walifuatwa. Katika vijiji vingine, 248 walipata msaada wa kawaida wa mutu kwa mutu. Katika vijiji vingine, 157 walipata matibabu yenye mpango: mazungumzo moja ya peke yake, halafu 11 ya kikundi, ambamo walijifunza kuchunguza mawazo kama "ni kosa langu" na kuyapima kama ni ya kweli.

Pande zote mbili zilipata nafuu. Lakini miezi sita baada ya matibabu, ku kundi la mpango waliobaki na alama za huzuni kubwa ao wasiwasi mkubwa walikuwa 9 kwa mia. Ku kundi lingine walikuwa 42 kwa mia.

Na nani walitoa yale matibabu? Hawakuwa madaktari wala watu wa master. Walikuwa wasaidizi wa hapa hapa, wenye masomo ya juu kidogo ya shule ya msingi, waliofundishwa njia moja vizuri na wakawa wanasimamiwa muda wote wa kazi. Mafundisho yalipangwa upya ili hata mama asiyejua kusoma aweze kuyafuata. Kama mutu asiye na diploma kubwa aliweza kwa sababu alifundishwa vizuri na alifuatwa, basi mwenye diploma kubwa asiyefuatwa na mutu asijidanganye.

Mafunzo ya siku tatu na brevet ku ukuta

Tangu vita vya miaka ya 1990, mafunzo ya siku tatu ao tano yamekuwa mengi mashariki mwa nchi yetu. Kuna sali ya hoteli, kuna chai, kuna makuta ya usafiri, na mwishoni brevet. Si mafunzo yote mabaya. Msaada wa kwanza wa kisaikolojia, ambao OMS na wenzake walitolea kitabu mwaka 2011, unaweza kufundishwa kwa muda mufupi. Uko na hatua tatu: kuangalia, kusikiliza, kuunganisha mutu na msaada. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na watu wa Goma wakakimbia, ao vita ilipoingia Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, msaada wa namna hiyo njo ulihitajika kwanza.

Shida inakuja pale mutu wa siku tatu anajiita mtibabu. Msaada wa kwanza ni kama kufunga kitambaa ku damu inayotoka. Hakuna anayefunga kitambaa halafu anajiita daktari wa upasuaji. Hata njia fupi ya OMS inayoitwa PM+, yenye vikao vitano vya lisaa moja na nusu, ambayo inaweza kutolewa na mutu asiye mwanasaikolojia, inaomba kwamba mutu huyo asimamiwe.

Mwanafunzi wa chuo kikuu yuko ku hatari ingine. Projet inamuchukua haraka kwa sababu anajua Kifaransa na kompyuta. Anapewa wateja wengi siku moja, anajaza fomu, ripoti inaenda. Projet ikiisha mwezi wa sita, anaondoka, na wateja wake wanabaki katikati ya njia. Mwanafunzi anapaswa kufundishwa tangu siku ya kwanza kuuliza: nikiondoka, huyu mutu atabaki na nani?

Mwanafunzi naye ni mutu

Tusisahau: kijana anayesikiliza habari za vita, yeye pia ni mutoto wa hapa. Pengine naye alikimbia. Pengine alipoteza mutu. Siku moja mteja anaeleza jambo ambalo linafanana kabisa na lake, na mikono inaanza kutetemeka. Wengine wanaanza kuota ndoto za wateja wao. Wengine wanakuwa wagumu, hawasikii tena kitu, kila mutu anakuwa ripoti tu.

Huo si udhaifu, na si alama kwamba alikosea njia. Ni jambo linalojulikana katika kazi hii, na linafundishwa: kuwa na idadi ya wateja kwa siku, kupumzika, kuzungumza na wenzake, kumwambia msimamizi mapema. Chuo ao projet inayomutuma kijana kusikiliza maumivu na haimpi mutu wa kumusikiliza yeye, inatengeneza mgonjwa mwingine.

Wewe msikilizaji, unaweza kuuliza nini

Ukienda kwa mshauri, ao ukipeleka mutoto ao ndugu, uko na haki ya kuuliza kwa heshima:

- Ulisomea nini, na uko mwanafunzi ao umemaliza?
- Nani anakusimamia, na mnaonana mara ngapi?
- Siri yangu itabaki wapi, na mupaka wake ni gani?
- Tutaonana mara ngapi, na ukienda nitabaki na nani?

Mwanafunzi mwema hatakasirika. Akikuambia "niko staji, msimamizi wangu ni huyu, ofisi yake iko pale", hiyo ni alama nzuri, si mbaya. Ogopa anayeahidi kukuponyesha siku moja, anayeomba makuta ya siri, ao anayekueleza habari za mteja mwingine ili kuonyesha ujuzi wake. Kesho atakuelezea wewe.

Na kama ni jirani yako anakuambia hana tena hamu ya kuishi, usingoje kutafuta mwenye diploma. Kaa naye. Muulize wazi kama anafikiri kujiumiza. Usimwache peke yake, ondoa vitu vya hatari, halafu musindikize ku kituo cha afya kilicho karibu.

Yule mama wa asubuhi ile hakupiga tena. Siku hizi, kabla ya kufungua simu za wasikilizaji, tunaweka karatasi moja juu ya meza ya studio. Imeandikwa mambo mane: uliza kama iko salama sasa hivi, uliza nani iko naye, mwambie abaki ku laini, mwenzako amuongeleshe nje ya antena na kumwelekeza ku kituo. Wimbo unaweza kungoja.